Figa moja, mafiga matatu au dripu? Kulinganisha majaribio yanayolenga ganda la VVU

Kila kituo cha utafiti kinapotangaza kwamba kinatafuta washiriki wa jaribio jipya la chanjo ya VVU, sisi tulio kwenye kamati za ushauri za jamii tunaulizwa swali lile lile: "Hii mpya ina tofauti gani na zile zilizoshindwa?" Swali ni zuri kuliko wengi wanavyodhani. Jibu lake halimo kwenye jina la chanjo wala kwenye nchi ilikotengenezwa. Limo katika jambo moja tu: chanjo hiyo inauonyesha mwili kipande gani cha protini ya ganda la kirusi, na kipande hicho kina umbo gani.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliyeshika fomu ya ridhaa mkononi na hajaamua, na kwa mjumbe wa kamati anayetakiwa kutoa maoni kuhusu jaribio ambalo hajalielewa vizuri.

Kwanza tuujue mwiba wenyewe

Protini ya ganda watafiti huiita Env. Katika protini zote za VVU, ni hii pekee inayojitokeza nje ya kirusi, kwa hiyo ni hii pekee ambayo kingamwili zinaweza kuikamata kirusi kikiwa bado hakijaingia kwenye seli. Huanza kama mnyororo mmoja mrefu, gp160, kisha kimeng'enya cha seli zetu wenyewe huukata vipande viwili. Gp120 hukaa juu na ndiyo inayojishikiza kwenye CD4, mlango wa seli, halafu kwenye kitasa cha pili ambacho mara nyingi ni CCR5. Gp41 hukaa chini, shina lake limezama kwenye utando, na kazi yake ni kuuunganisha utando wa kirusi na wa seli ili mzigo uingie. Jozi tatu za gp120 na gp41 huegemeana kama mafiga matatu ya jikoni. Mafiga hayo ndiyo mwiba mmoja wa VVU.

Mwiba huu umejihami kwa namna inayotisha. Kirusi kimoja cha VVU kina miiba michache, kama 14 kwa wastani, wakati kirusi cha mafua kina mamia. Kingamwili ina mikono miwili, na miiba ikiwa mbalimbali, mkono wa pili hauna pa kushika. Karibu nusu ya uzito wa gp120 ni sukari, na sukari hizo zimetengenezwa na seli zetu, hivyo kinga ya mwili huziona kama za nyumbani na kuzipita. Nje kabisa kuna sehemu tano, V1 hadi V5, zinazobadilika kila kukicha. Sehemu isiyoweza kubadilika ovyo, ile inayoshika CD4, imefichwa bondeni, kati ya sukari.

Ndiyo maana mtu aliyeambukizwa hujaza damu yake kingamwili za Env ndani ya wiki chache, na bado kirusi kinaendelea. Nyingi ya kingamwili hizo zimejifunza kutoka kwenye mabaki: vipande vya gp120 vilivyodondoka na visiki vya gp41 vilivyobaki. Zinajua takataka za kirusi. Mwiba mzima hauzihusu. Watu wachache tu, baada ya kuishi na kirusi kwa miaka, hupata kingamwili zinazoweza kuzima aina nyingi za VVU kwa pamoja. Mbili kati ya zile zilizowaamsha watafiti, PG9 na PG16, zilitangazwa mwaka 2009 na zilitoka kwenye damu ya mchangiaji mmoja wa Afrika. VRC01, inayoshika pale pale inaposhika CD4, ikafuata mwaka 2010. Kuanzia hapo swali halikuwa tena kama mwili wa binadamu unaweza kutengeneza kingamwili za namna hiyo. Likawa: tuufundisheje kabla kirusi hakijafika?

Figa moja: gp120

Njia ya kwanza ilikuwa nyepesi kuifikiria. Tengeneza gp120 peke yake, mchome mtu. Chanjo ya AIDSVAX ilikuwa hivyo. Ilijaribiwa Amerika Kaskazini na Uholanzi, na huko Bangkok kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya. Matokeo yote mawili yakatoka mwaka 2003: hakuna kinga. Wazee walisema figa moja haliinjiki chungu, na hapa ndivyo ilivyokuwa hasa. Gp120 iliyotengwa na wenzake huonyesha nyuso ambazo kwenye mwiba halisi zimebanwa ndani, kwa hiyo mwili hujifunza kushika mahali ambapo kirusi hai hakipaonyeshi.

Kisha likaja jaribio ambalo mpaka leo watu hulitaja kwa matumaini. Huko Thailand, RV144 iliandikisha zaidi ya watu 16,000; nusu walipewa plasebo, yaani sindano isiyo na dawa, na nusu walichanjwa, kwanza kwa ALVAC, yaani kirusi cha ndege kilichobebeshwa vipande vya VVU, kisha kwa AIDSVAX ile ile. Mwezi Septemba 2009 ikatangazwa kwamba maambukizi yalipungua kwa asilimia 31.2. Kidogo, lakini kilikuwa kitu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba waliokuwa na kingamwili nyingi za aina ya IgG dhidi ya V1 na V2 waliambukizwa kwa uchache zaidi. Kingamwili hizo hazikuwa zile za kuzima kirusi cha aina yoyote. Inadhaniwa ziliita seli nyingine zije kuziua seli zilizokwisha kuambukizwa.

Afrika Kusini ikachukua mfumo huo, ikaubadilisha uendane na aina ndogo ya C inayotawala kusini mwa bara, ikauita Uhambo. Watu zaidi ya 5,400 walijiunga. Jaribio liliposimamishwa Februari 2020, walioambukizwa walikuwa 129 upande wa chanjo na 123 upande wa plasebo. Kwangu mimi takwimu hizo mbili zinatosha kuamua. Mtu akikuletea leo chanjo ya gp120 pekee au gp120 na kirusi kibebaji, muulize ni kitu gani kimebadilika tangu Uhambo. Kama hana jibu lisilokuwa "tumeongeza kichocheo", yaani kemikali ya kuiamsha kinga zaidi, usimpe mkono wako.

Gp140 na michanganyiko yake

Hatua iliyofuata iliongeza sehemu ya nje ya gp41, ikawa gp140, na mara nyingi ikaunganishwa na virusi vibebaji au DNA. Iliyokuwa na wazo la kuvutia zaidi ni Imbokodo: kirusi cha jamii ya adeno, inayoleta mafua ya kawaida, kiitwacho Ad26, kilibebeshwa vipande vya VVU vilivyoshonwa kwa kompyuta kutoka aina nyingi za dunia, kama kanga iliyoungwa kwa vipande vya doti mbalimbali, kisha ikaja sindano ya gp140. Wanawake wapatao 2,600 wa Malawi, Msumbiji, Afrika Kusini, Zambia na Zimbabwe walijitolea. Mwaka 2021 majibu yakatoka: 51 waliambukizwa kwenye kundi la chanjo, 63 kwenye plasebo. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa kinga. Jaribio ndugu yake, Mosaico, lililofanyika Ulaya na Amerika, likasimamishwa Januari 2023.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lilikuja karibu zaidi kupitia PrEPVacc. Watu 1,512 kutoka Uganda, Tanzania na Afrika Kusini, wengi wao vijana, walijaribu michanganyiko miwili: mmoja wa DNA na AIDSVAX, mwingine wa DNA, kirusi kibebaji cha MVA na gp140. Uchanjaji ulisimamishwa mwishoni mwa 2023 baada ya waangalizi huru kuona kwamba hakuna nafasi ya kinga kuonekana. Nina heshima kubwa kwa washiriki wale wa Masaka, Mbeya, Dar es Salaam na Durban. Jaribio lao lilifungua kitu kingine: kila mshiriki alipewa PrEP, yaani dawa za kumkinga na VVU kabla hajaambukizwa, huku chanjo ikipimwa, na tangu hapo hakuna kamati inayopaswa kukubali jaribio lisilofanya hivyo.

Kati ya gp120 na gp140, kama swali ni lipi lina kinga zaidi, jibu ni kwamba hakuna. Tofauti yao kwa mshiriki iko kwenye kipimo cha VVU, na hilo nitalirudia, kwa sababu linaweza kugusa maisha yako miaka mingi baada ya sindano ya mwisho.

(Wapo pia waliojaribu kuikwepa Env kabisa na kutegemea seli T tu, yaani seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa. Jaribio la Step lilisimamishwa mwaka 2007. Halikukinga, na wanaume wasiotahiriwa waliokuwa na kingamwili za kirusi kibebaji tangu mwanzo waliambukizwa zaidi upande wa chanjo. Nalitaja ili usidhani kwamba kuiacha Env ni njia ya mkato.)

Mafiga matatu: kutoka kwa mtoto wa Nairobi

Tatizo la mwiba mzima ni kwamba haukubali kukaa mzima. Ukiutoa kwenye utando wake unasambaratika. Kwa miaka watafiti wa New York na Amsterdam, akina John Moore na Rogier Sanders, walitafuta namna ya kuufunga. Waliweka daraja la salfa kati ya gp120 na gp41, wakabadilisha asidi amino moja ya gp41 ili isiruke na kubadili umbo kabla ya wakati. Wakaiita SOSIP. Kisha wakajaribu Env za virusi vingi wakitafuta iliyo tayari kusimama. Iliyokubali vizuri kuliko zote ilikuwa BG505, ya aina ndogo ya A, kutoka kwa mtoto mchanga aliyekuwa katika utafiti wa unyonyeshaji jijini Nairobi. Mwaka 2013 picha ya kina ya mafiga hayo ikachapishwa, na kwa mara ya kwanza watu wakaona lango la CD4, pazia la sukari na kilele cha V1 na V2 vikiwa mahali pake.

Kila ninapoueleza mkasa huu kijijini, watu hunyamaza. Env ya kirusi kilichomfikia mtoto wa Nairobi ndiyo leo iko kwenye friji za maabara nyingi zinazotafuta chanjo hii duniani.

Je, mafiga matatu ni bora kuliko figa moja? Kwa umbo, bila shaka. Sungura waliochanjwa kwa BG505 walitoa kingamwili zinazoizima BG505 yenyewe, jambo ambalo gp120 ilishindwa kulifanya kwa virusi vigumu. Lakini zilikoma hapo hapo. Virusi vingine havikuguswa. BG505 ina pengo kwenye pazia lake la sukari, karibu na nafasi za 241 na 289, na kinga ya wanyama ilikimbilia pale kwa sababu ndipo palipokuwa wazi. Virusi vingi havina pengo hilo. Kuna na kasoro ya pili: mafiga yaliyokatwa kwenye utando yana kitako kitupu, na mwili hutumia nguvu nyingi kutengeneza kingamwili za kitako ambacho kwenye kirusi halisi hakionekani kamwe.

Kwa kitako kuna dawa. Katika jaribio la HVTN 302 lililofanyika Marekani kwa teknolojia ya mRNA, yaani ujumbe unaoziagiza seli zitengeneze protini zenyewe, asilimia 80 ya washiriki waliopata mafiga yaliyopandwa kwenye utando walizalisha kingamwili za kuzima kirusi husika, dhidi ya asilimia 4 ya waliopata mafiga yanayoelea. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Ukiwekewa mezani majaribio mawili ya mafiga matatu, uliza kama yamepandwa kwenye utando au yanaelea, na chagua yaliyopandwa.

Kufundisha seli B darasa kwa darasa

Hii ndiyo njia inayoniamsha asubuhi. Waliotazama VRC01 kwa karibu waligundua kwamba seli B changa, yaani seli ya kinga inayotengeneza kingamwili, inayoweza kuizaa haiwezi hata kuishika Env ya kawaida. Ni kama kumpa mtoto wa darasa la kwanza mtihani wa kidato cha sita. Halafu seli zenyewe ni adimu, takriban moja kati ya 300,000. Kwa hiyo wakatengeneza kipande kidogo cha gp120, eOD-GT8, kilichochongwa ili kiamshe seli hizo tu, wakapanga nakala zake 60 kwenye chembe moja. Sindano ya kwanza inaziamsha, zinazofuata zinafanana na Env halisi zaidi na zaidi, mpaka seli zihitimu.

Jaribio la IAVI G001 lilikuwa na watu 36 waliochanjwa. 35 walionyesha kwamba seli zinazotakiwa zimeamka. Yule mmoja aliyekosa alikuwa na namna nyingine ya jeni inayohitajika. Hapo ndipo swali la Afrika lilipokuja kwa uzito: je, jeni zetu zinaruhusu? IAVI G003, iliyofanyika Rwanda na Afrika Kusini kwa mRNA, ilijibu mwaka 2025. Ndiyo, zinaruhusu, karibu kwa wote. Katika jaribio lililofanyika sambamba Marekani, sindano ya pili ya aina tofauti ilizisogeza seli hatua moja mbele. Baadhi ya washiriki wa huko walipata vipele vya kuwasha, na hilo linaendelea kuchunguzwa. Anayepata mzio wa ngozi mara kwa mara alitaje mapema kwa daktari wa jaribio.

Ukilinganisha na mafiga matatu, njia hii ni polepole zaidi na inadai zaidi kutoka kwa mshiriki. Damu hutolewa mara nyingi. Wengine huombwa kutoa sampuli za tezi kwa sindano. Na hadi sasa hakuna mshiriki aliyetoka na kingamwili zilizokomaa za kumkinga. Lakini kati ya njia zote za chanjo, ni hii pekee iliyotabiri itakachokiona kwenye damu kisha ikakiona.

Dripu: kingamwili zilizopikwa tayari

Badala ya kuufundisha mwili, unaweza kumpa mtu VRC01 yenyewe kwa mshipa kila baada ya wiki nane. Majaribio ya AMP yalifanya hivyo kwa zaidi ya watu 4,600, wakiwemo wanawake wa Kenya na Tanzania. Mwaka 2021 ikajulikana kwamba kwa jumla haikupunguza maambukizi. Lakini ilipokutana na virusi vinavyozimwa vizuri na VRC01, kinga ilifika asilimia 75. Virusi vya namna hiyo vilikuwa takriban theluthi moja tu ya vilivyokuwa vikizunguka.

Matokeo haya ndiyo yanayoipa nguvu njia ya darasa kwa darasa: kingamwili sahihi, kwa kiwango cha kutosha, inakinga binadamu. Moja haitoshi, kwa hiyo michanganyiko ya kingamwili mbili au tatu ndiyo inayoangaliwa sasa. Kwa mshiriki, faida ya dripu ni kwamba kingamwili huisha mwilini baada ya miezi. Hasara ni saa nyingi za kukaa kituoni, na nauli.

Kipimo kitakachosoma chanjo kama ugonjwa

Hapa ndipo wengi hawaulizi, na hapa ndipo panapouma. Vipimo vya haraka hutafuta kingamwili za Env, hasa za gp41. Ukichanjwa gp140 au mafiga matatu, unaweza kupimwa ukaonekana una VVU ilhali huna, na hali hiyo inaweza kudumu kwa miaka. Gp120 pekee huleta tatizo hili kwa kiasi kidogo zaidi kwa kuwa haina gp41, na eOD-GT8 nayo haina gp41.

Fikiria binti aliyepata kazi Oman au Qatar na anatakiwa kupimwa afya kabla ya viza. Au wachumba wanaopimwa kabla ya ndoa. Au mama mjamzito kliniki, muuguzi anasoma mistari miwili na hana habari ya jaribio lolote. Kipimo cha vinasaba vya kirusi ndicho kinachotofautisha, lakini lazima awepo mtu wa kukifanya, bure, hata miaka mitano baada ya jaribio kufungwa.

Ukiwa na fomu mkononi

Kama uko kwenye hatari ya kuambukizwa sasa hivi, anza na PrEP, kisha ndipo tuongee chanjo. Mwaka 2024, kwenye jaribio la lenacapavir, dawa ya PrEP ya sindano, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, hakuna hata mmoja kati ya wanawake 2,134 waliochomwa sindano hiyo mara mbili kwa mwaka aliyeambukizwa. Hakuna chanjo ya Env iliyokaribia hapo, na mtafiti anayekuficha hilo hakutakii mema.

Kama unapanga kusafiri kwenda kazini Ghuba ndani ya miaka michache, au kazi yako inadai kupimwa mara kwa mara, kaa mbali na gp140 na mafiga matatu kwa sasa. Dripu au eOD-GT8 itakupa usumbufu mdogo zaidi upande huo.

Kama uko na afya, hatari yako ni ndogo, una muda na huogopi kutolewa damu, na unataka mchango wako uwe mahali ambapo utafiti unasogea, ningekuelekeza kwenye darasa kwa darasa kwanza, na mafiga yaliyopandwa kwenye utando pili. Gp120 peke yake ningeikataa, hata nauli yake ikiwa nzuri.

Na kwa mjumbe wa kamati: kabla ya kupitisha lolote, omba uonyeshwe kadi ambayo mshiriki atapewa, ile inayosema amechanjwa na namba ya kupiga akitatanishwa na kipimo. Ipige namba hiyo mwenyewe, siku ya Jumamosi jioni, uone kama kuna mtu anapokea.